SAA KUMI ZA ANGANI
(Mazungumzo mbele ya wanachama na wageni, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Dodoma)



Wapo wenzetu tulioanza nao ambao hatunao tena. Majina yao yamesomwa asubuhi na hatutayarudia.

Katika ratiba tumepangiwa mada inayoitwa "Kikundi na Elimu ya Watoto Wetu". Pengine mlitegemea tusimame hapa tusome orodha: wangapi wamesomea ualimu kwa mikopo yetu, wangapi uuguzi, wangapi wamepita VETA na sasa wana cherehani zao na mashine zao za kuchomea vyuma. Orodha hiyo imechapwa katika kijitabu hiki na kila mmoja atajisomea kwa nafasi yake. Sisi tumeiomba kamati turuhusiwe kuzungumzia mkopo mmoja tu. Ni mkopo uliotugawa kuliko yote katika miaka kumi hii. Ulitugawa hata baadhi yetu wakaacha kusalimiana sokoni Majengo kwa wiki tatu. Tena haukuwa mkopo mkubwa. Ulikuwa mkopo wa saa kumi za kurusha ndege.

Yalitokea katika mwaka wa saba wa kikundi. Mwenzetu mmoja, mwenye shamba la zabibu upande wa Hombolo, alisimama kwenye kikao cha Jumamosi akaomba mkopo wa elimu kwa ajili ya binti yake. Hapo hakuna aliyeshtuka. Binti tulimfahamu, tulijua amekwenda nje ya nchi kusomea urubani, na tulishachanga katika sherehe ya kumuaga. Kilichotushtua ni sentensi ya pili. Mama alisema binti amefeli mtihani wa leseni ya kibiashara, amefeli mara mbili, na mkopo anaouomba ni wa kumrudisha mara ya tatu.

Jamani, kikao kilichafuka. Bibi yetu mmoja anayeuza mlenda na karanga, ambaye hisa zake ni za jasho hasa, aliuliza kama hela ya mlenda sasa inapelekwa angani. Mwingine akakumbusha kwamba mwaka uliotangulia tulimnyima mkopo mwanachama ambaye mwanawe alifeli kidato cha nne na alitaka kurudia. Huyu wa ndege ana utukufu gani? Wapo waliosema chini chini kwamba ndege si kazi ya mwanamke. Hao hatukuwajibu kwa maneno mengi. Tuliwaambia tu kwamba mwaka 2014 jirani zetu wa Kenya walikuwa na Kapteni Irene Koki Mutungi, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa kapteni wa Boeing 787, ndege kubwa ya Dreamliner, na kwamba Ethiopia walikuwa na Kapteni Amsale Gualu tangu mwaka 2010. Lakini swali la yule bibi lilikuwa la haki. Fedha iliyomo sandukuni si ya kiongozi yeyote, ni ya watu. Anayeomba kukopeshwa juu ya jambo lililokwisha kushindikana mara mbili ana wajibu wa kueleza.

Kwa hiyo tulifanya kama tunavyofanya siku zote. Tuliahirisha uamuzi kwa wiki moja, tukamwagiza mama alete maelezo. Na sisi wengine tukaenda kuuliza.

Hapa inafaa tuwaeleze wageni kidogo kazi hii ya urubani inavyosomewa, maana wengi wetu tunaiona ndege inapopita juu ya mabati yetu tu. Uwanja wetu wa zamani uko katikati ya mji, na kwa miaka mingi watoto wa Dodoma wamezizoea ndege ndogo, zikiwemo zile za wamisionari wa MAF waliokuwa na kituo hapa kwa miongo kadhaa, wakipeleka waganga na dawa katika vijiji visivyo na barabara. Binti wa mwenzetu alianza kuipenda kazi hii kwa kuziangalia hizo.

Rubani hasomi kwa miaka kama mwalimu, anasoma kwa saa. Kanuni zinazofuatwa na nchi nyingi duniani, zinazotokana na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinataka mtu awe na saa zisizopungua 40 angani kwa leseni ya binafsi. Ile ya kujirusha mwenyewe bila malipo. Kwa leseni ya kibiashara, yaani ya kulipwa, ni saa 200, au 150 kwa anayesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inataka saa 1,500. Hapa kwetu msimamizi wa leseni zote hizo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Zamani vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa Soroti, Uganda, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 na nchi tatu za Jumuiya. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, Air Tanzania ikaanzishwa mwaka huo huo, na tangu hapo mzazi wa Kitanzania anayetaka mwanawe awe rubani mara nyingi amelazimika kutazama nje: Afrika Kusini, Kenya, Ethiopia, Marekani. Siku hizi Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Dar es Salaam kimenunua ndege za mafunzo. Tunakiombea, maana kikisimama imara gharama ya nauli na ya kuishi ugenini itapungua.

Sasa sikilizeni hapa. Kila saa moja angani inalipiwa: ndege, mafuta, mkufunzi. Ukiwa na fedha, unaruka mpaka mkono uzoee ndipo unakwenda kwenye mtihani. Fedha ikiwa imekwisha, unakwenda kwenye mtihani siku ile saa za lazima zinapotimia, uwe umeiva au hujaiva. Kwa maoni yetu hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mtoto wa tajiri na mtoto wa mwenye zabibu. Akili wanaweza kuwa nazo sawa. Wasicholingana ni ile akiba ya saa kumi na tano za ziada.

Mtihani wenyewe haufanani na ule wa shuleni. Mtahini anakaa kiti cha pembeni. Kwanza, mkiwa bado chini, anakuuliza kwa mdomo habari za hewa, uzito wa mizigo, ramani, sheria. Kisha mnapaa. Anapunguza nguvu ya injini ghafla, anakwambia: injini imekufa, tafuta pa kutua. Anakutaka uipunguze ndege mwendo mpaka bawa likose hewa ya kulinyanyua, halafu uirudishe katika hali yake. Anaficha dirisha ili uone vipimo tu. Anakupeleka kutua upepo ukitoka ubavuni. Ukikosea jambo moja la hatari, umekosa. Hakuna alama za kufidia. Huwezi kusema nilipata tisini kwenye ramani, basi nisamehewe kutua.

Ndiyo maana kufeli katika kazi hii si jambo la nadra. Kule Marekani, ambako hesabu zinatangazwa wazi, katika miaka ya karibuni kama watu wawili kati ya kumi wanaokwenda kwenye mitihani ya vitendo hawafaulu. Hawafukuzwi. Mtahini anaandika karatasi inayosema mtu amekosa nini. Anarudi kwa mkufunzi, anafundishwa hasa lile alilokosa, mkufunzi anaweka sahihi kwamba sasa yuko tayari, na akirudi ndani ya siku 60 anaweza kupimwa yale aliyoyakosa tu. Ulaya wameugawa mtihani katika sehemu. Ukikosa sehemu moja unarudia hiyo, ukikosa zaidi ya moja unarudia wote. Na msidhani mitihani inakoma leseni ikipatikana. Rubani wa ndege ya abiria hupimwa tena mara mbili kila mwaka, mpaka anastaafu, mara nyingi ndani ya mashine inayoigiza ndege. Kapteni mwenye mvi anaingia kwenye mtihani kama mtoto wa darasa la saba.

Tulipofahamu hayo, hoja ya kwamba "amefeli, basi hana uwezo" ilipungua nguvu, ingawa haikuisha. Bibi wa mlenda alibaki na lake, akasema mtu anaweza kufeli mara mbili kwa bahati mbaya na anaweza kufeli mara mbili kwa sababu hawezi, na sisi tutajuaje?

Jumamosi iliyofuata mama alikuja na bahasha ya kaki. Ndani yake zilikuwamo karatasi mbili za mtahini, moja ya kila mtihani. Aliziweka mezani, juu ya sanduku la kufuli tatu, mbele ya watu wote. Tunataka mlielewe hili. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema binti amepungukiwa ada na sisi tungetoa mkopo bila swali, maana hisa zake zilikuwa nzuri na marejesho yake hayakuwahi kuchelewa hata mara moja. Wapo akina mama wangefanya hivyo, na tusingewalaumu sana, kwa kuwa aibu ya mtoto ni aibu ya mama. Yeye alileta karatasi.

Tulimwomba mwalimu mmoja mwanachama azisome na kutafsiri. Karatasi ya kwanza ilikuwa na makosa matatu: kuisoma ramani na muda wa safari, kutua kwa dharura injini ikiwa imezimwa, na kutua upepo ukitoka ubavuni. Karatasi ya pili ilikuwa na kosa moja tu, la upepo.

Hapo mtu mmoja nyuma akacheka, akasema, mtoto wa Dodoma anafelishwa na upepo! Na kweli, sote tulicheka, maana upepo wetu wa mwezi wa sita na wa saba mnaujua, unaopeperusha mabati na kujaza mchanga kwenye uji. Kicheko kile kilisaidia. Kabla ya hapo watu walikuwa wamenuna.

Binti mwenyewe alitupigia simu, ikawekwa kwenye sauti kubwa. Akatueleza kwa lugha tunayoielewa. Alisema, mnapovuka korongo lenye maji hamlengi pale mnapotaka kutokea, mnalenga juu zaidi, maji yanawashusha. Ndege nayo, upepo ukitoka kulia, unaigeuza pua kulia kidogo, inakwenda upandeupande mpaka karibu na ardhi. Kazi iko katika sekunde za mwisho: kuinyoosha kwa miguu na kulilaza bawa upande wa upepo, vyote pamoja, kabla matairi hayajagusa. Ukiwahi, upepo unakusukuma nje ya njia. Ukichelewa, matairi yanagusa kwa upande na yanaweza kuvunjika. Jambo hilo halisomwi kitabuni. Linakaa miguuni, na miguu husahau. Baada ya mtihani wa kwanza alikaa zaidi ya miezi mitatu bila kuruka kwa sababu mama alikuwa anasubiri mavuno ya zabibu. Fedha ilipopatikana ilitosha saa mbili za mazoezi na ada ya mtahini. Akaenda, akakosa.

Alichoomba safari hii ni saa kumi, zote na mkufunzi, zote zichaguliwe siku za upepo. Hakuomba karo ya mwaka wala hela ya nauli, ni saa kumi na ada ya mtahini basi.

Hoja iliyogeuza kikao aliitoa katibu wetu, na haikuwa hoja ya huruma. Alisema: hebu tazameni karatasi hizi kama tunavyotazama daftari letu la marejesho. Mwanachama aliyekuwa anadaiwa awamu tatu, akaja mwezi wa pili anadaiwa moja, tunamwitaje? Tunamwita mtu anayelipa. Tatu zimekuwa moja.

Yule mwanachama wa mtoto wa kidato cha nne naye akauliza, kwa haki kabisa, kwa nini wake alinyimwa. Tulifungua kumbukumbu za kikao. Ilionekana kwamba maombi yale hayakuwa na karatasi ya matokeo wala maelezo ya shule atakayorudia. Tulikubaliana kwamba akizileta, maombi yake yatasikilizwa upya. Alizileta baada ya wiki mbili, na mtoto yule jina lake liko katika ile orodha ya kijitabu, kwenye ufundi umeme.

Mkopo tuliupitisha kwa kura, si kwa makofi. Waliokataa walikuwepo na ni haki yao. Kanuni yetu ni kwamba mwanachama hukopa isiyozidi mara tatu ya hisa zake, akiwa na wadhamini wawili. Hisa za mama hazikufikia kiasi chote, na hatukuipinda kanuni hata shilingi moja. Kilichopungua aliuza ng'ombe. Tulichobadilisha ni kalenda ya marejesho. Badala ya kila mwezi sawasawa, alipangiwa awamu kubwa mbili kwa mwaka, baada ya kila mavuno ya zabibu, na awamu ndogo katikati. Utaratibu huo sasa wanautumia wenye alizeti na wenye uwele pia, na tunadhani ndio uliopunguza ucheleweshaji katika kikundi kuliko faini zote tulizowahi kupiga. Hilo lilizaliwa kwenye mkopo wa ndege.

Kuna jambo moja ambalo yule binti alilisema kwenye simu, na tangu siku hiyo tumelifuatilia, maana lilitugusa. Mwanachama mmoja alimuuliza: ukifaulu mara ya tatu, hizi karatasi mbili utazichana? Akajibu hapana, na atakapoomba kazi ataulizwa, na atazionyesha. Wengine tulifikiri ni ujinga wa ujana. Nani anakwenda kuomba kazi akiwa na karatasi za kufeli mkononi?

Basi sikilizeni habari hii, ni ya kweli na imeandikwa na serikali ya Marekani yenyewe. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya kampuni ya Colgan Air ilianguka usiku karibu na mji wa Buffalo. Ilikuwa ndege ya aina ya Q400, aina ile ile ya mapangaboi ambayo Air Tanzania walianza kuipokea mwaka 2016 na ambayo tunaiona ikitua hapa kwetu. Walikufa watu wote 49 waliokuwamo, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake ndege ilipoangukia. Mwendo ulikuwa umepungua mno, usukani ukaanza kutikisika kumwonya kapteni. Dawa yake ni kuusukuma mbele ili pua ishuke na mwendo urudi. Yeye aliuvuta nyuma. Wachunguzi walipofukua rekodi zake walikuta kwamba kabla ya kuajiriwa alikuwa amefeli mitihani mitatu ya urukaji. Katika fomu ya kuomba kazi aliandika mmoja tu.

Sisi si mahakama, na marehemu hasemwi. Wala wachunguzi hawakusema alianguka kwa sababu ya kufeli zamani. Walisema sababu ni jinsi alivyoupokea ule mtikisiko. Lakini fikirini kama mwajiri. Mtu akikwambia nilifeli hili na hili, unajua wapi pa kumfundisha zaidi na pa kumpima mara mbili. Akinyamaza, unampa viti vyote vya abiria bila kujua. Ndugu wa marehemu walihangaika na wabunge mpaka sheria ikapitishwa mwaka 2010, ikiongeza saa wanazotakiwa kuwa nazo marubani wa ndege za abiria na kuamuru rekodi zao ziwekwe mahali pamoja ambapo mwajiri anaweza kuziona. Na hata hivyo, mwaka 2019 ndege ya mizigo ya Atlas Air ikaanguka Texas na kuua watu watatu, na ikaonekana tena kwamba rubani msaidizi alikuwa na historia ndefu ya kufeli kwa waajiri waliotangulia, na sehemu yake aliificha.

Na sisi Watanzania tuna cha kwetu cha kukumbuka. Tarehe 6 Novemba 2022 watu 19 walifariki ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria wakati ikikaribia kutua Bukoba. Hatuwaambii hilo kwa kumnyooshea mtu kidole. Tunalisema kwa sababu siku tulipokuwa tunabishana, mwanachama mmoja mwenye ndugu huko Kagera alisimama akasema yeye hapingi mkopo, ila mtahini asije akamwonea huruma binti huyu kwa kuwa ni wa kwetu. Kama hawezi, asipewe. Kikao kizima kilinyamaza. Tuliyaandika maneno hayo katika kumbukumbu.

Haya, matokeo yake. Binti aliruka zile saa kumi katika wiki tano. Alituambia mkufunzi alikuwa akiangalia bendera ya uwanjani kila asubuhi, na siku iliyotulia wanarudi ndani kusoma, siku ya upepo wanatoka. Akaenda kwenye mtihani mara ya tatu. Simu ilikuja usiku, mama akaipokea, na jirani zake wanasema vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

Wageni wetu pengine mnafikiri hapo ndipo hadithi inapoishia na binti anavaa mistari begani. La hasha. Alirudi nyumbani na leseni yake na saa mia mbili na kitu, na hakuna aliyemtaka. Makampuni yanataka mwenye saa nyingi, na saa nyingi hazipatikani bila kampuni. Alikaa miezi tisa. Akaomba kazi ya ofisini katika kampuni moja ya ndege ndogo, ya kupima mizigo na kupanga abiria, na watu hapa mtaani wakasema, umeona, mkopo wetu umekwenda kupima mizigo. Mama aliyabeba maneno hayo na marejesho hakuyachelewesha. Zabibu zilishuka bei msimu ule, akauza mbuzi.

Nafasi ilipotokea ya rubani msaidizi, walimwita kwenye usaili kwa kuwa walishamwona kazini. Akaulizwa: umewahi kufeli mtihani wa urukaji? Akasema mara mbili, akatoa bahasha ile ile ya kaki. Anasema mzee aliyekuwa anamsaili alizisoma kimya, halafu swali lake likawa moja tu: kati ya mtihani wa pili na wa tatu ulifanya nini? Akamweleza habari za saa kumi za upepo. Akamweleza pia zilikolipiwa, kwamba ni kikundi cha akina mama wa Dodoma waliopiga kura. Yule mzee akataka kujua riba yetu ni asilimia ngapi. Hilo ametusimulia mwenyewe, nasi tumeliweka hapa kwa kuwa linatuchekesha hadi leo.

Siku hizi anaruka ndege ndogo ya injini moja, anapeleka watalii kwenye mbuga na wakati mwingine wagonjwa. Ameshapita saa 700. Zile 1,500 bado ni safari ndefu, na kati ya sasa na hapo atapimwa mara nyingi. Anaweza kufeli tena. Ametuambia hivyo bila kuona haya, na mama yake alikuwepo. Mwezi wa kumi uliopita alileta abiria hapa Dodoma, akatupa somo jingine: kwamba mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana wa Oktoba linapoipasha hewa joto, hewa inakuwa nyepesi na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi ndipo ipae. Hivyo mizigo inapunguzwa au safari inafanywa asubuhi. Bibi wa mlenda alikuwa uwanjani siku hiyo, nje ya uzio, amefunga kanga yake mpya. Hakusema neno juu ya kura aliyopiga zamani, na hakuna aliyemuuliza. Alimpa binti mfuko wa karanga.

Uwanja mpya wa Msalato, uliowekewa jiwe la msingi mwaka 2022, utakapoanza kazi tutakuwa tunasafiri mbali kidogo kwenda kupunga mkono. Tutakwenda.

Ndugu mgeni rasmi, kuna mambo mawili ya kazi tunayotaka kuyaacha mezani. La kwanza ni hesabu. Mkopo ule umebakiza awamu nne, mbili kubwa na mbili ndogo, na kama zabibu za msimu ujao zitakwenda vizuri utafungwa kabla ya mgao wa hisa. La pili ni rasimu ya kifungu kipya cha katiba yetu. Inasema kwamba mwanachama anayeomba mkopo wa elimu kwa ajili ya mtoto aliyefeli ataruhusiwa kuomba kama mwingine yeyote, mradi alete karatasi ya matokeo yenyewe pamoja na maelezo ya kinachokwenda kufanyika tofauti. Wapo wanaosema kifungu hicho kitawaaibisha watu, na kwamba karatasi isomwe na kamati ya mikopo peke yake badala ya kikao kizima. Hoja hiyo ina uzito, na sisi wenyewe tumegawanyika. Rasimu iko kwa katibu, nakala thelathini, hailipiwi. Itapigiwa kura katika mkutano mkuu, na mama mwenye binti ameomba apewe dakika tano siku hiyo azungumze kabla ya kura.